Nyumba ya Fito na Udongo: Uhifadhi wa Mahali Alipozaliwa Shakespeare na Mafunzo yake kwa Makazi ya Waandishi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi nyumba ya mtaa wa Henley Street mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza, inayotambuliwa kuwa mahali alipozaliwa William Shakespeare mwaka 1564, ilivyogeuka kutoka makazi ya kawaida hadi kuwa makumbusho. Hoja kuu ni kwamba nyumba hiyo, iliyojengwa kwa miti, fito na udongo, haikudumu kwa uimara wa vifaa vyake pekee. Ilidumu kwa sababu kwa karne tatu haikukosa mkaaji wa kuitengeneza, na baada ya hapo haikukosa mdhamini aliyetambuliwa na sheria. Nyumba nyingine mbili zinazohusiana na Shakespeare, moja iliyobomolewa na nyingine iliyotambuliwa kimakosa, zinatumiwa kama mifano ya kulinganisha. Sehemu ya mwisho inaonyesha mafunzo ya historia hiyo kwa makazi ya waandishi wa Kiswahili katika Afrika Mashariki, ambako nafasi ya kukusanya ushahidi inazidi kupungua.

Maneno ya msingi: makumbusho, nyumba ya mwandishi, uhifadhi, urithi, ushahidi, Shakespeare

1.0 Utangulizi

Shakespeare si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Tafsiri ya Julius Caesar iliyofanywa na Mwalimu Julius K. Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika mwaka huo wa 1969 ilitoka pia Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Kwa njia hiyo kazi za mwandishi wa Stratford ziliingia katika madarasa na maktaba za Afrika Mashariki, na zikatumika kuthibitisha uwezo wa Kiswahili kubeba tamthiliya nzito ya ushairi.

Kisichojadiliwa mara nyingi ni nyumba alimozaliwa mwandishi huyo. Nyumba za waandishi huzungumzwa kama mambo ya utalii, na pale zinapotajwa katika mijadala ya sera, jibu linalotolewa haraka ni kwamba nchi za Ulaya zina majengo ya kudumu, ilhali wengi wa waandishi wa Kiswahili walizaliwa katika nyumba za udongo ambazo haziwezi kuhifadhiwa. Jibu hilo linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa nyumba ya uhifadhi inayotajwa kuliko nyingi duniani ni nyumba ya kukandikwa.

Makala hii inafuata historia ya nyumba hiyo hatua kwa hatua: ujenzi na wakazi wake, kuuzwa kwake mwaka 1847, ukarabati wake, na mfumo wa kisheria na kifedha unaoitunza. Kisha inaeleza yanayoweza kuchukuliwa kutoka katika historia hiyo na yasiyoweza kuchukuliwa.

2.0 Nyumba, ushahidi na wakazi

Nyumba ya Henley Street ina msingi wa mawe ya eneo hilo. Juu ya msingi huo zimesimamishwa nguzo na boriti za mwaloni. Nafasi zilizo kati ya mbao zilijazwa kwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo na kupakwa chokaa. Kanuni yake ni ileile inayojulikana katika ujenzi wa nyumba za miti na udongo za pwani ya Afrika Mashariki, ingawa miti na hali ya hewa ni tofauti. Mwaloni ni mti mgumu unaostahimili karne nyingi ukikingwa na unyevu. Boriti za mikoko na miti mingine ya pwani hukabiliwa na mchwa, joto na mvua kubwa. Tofauti hiyo ni ya kweli na haipaswi kufichwa. Hata hivyo, mwaloni hauwezi kuikinga kuta ya udongo iliyoachwa bila paa, wala hauzuii moto.

Mwenye nyumba alikuwa John Shakespeare, mtengenezaji wa glavu na bidhaa nyingine za ngozi. Sehemu moja ya nyumba ilikuwa makazi na nyingine karakana. Hakuna hati inayosema kwa maneno yaliyo wazi kwamba mwanawe William alizaliwa humo. Hitimisho hilo limejengwa juu ya hati kadhaa zinazotegemeana. Mwaka 1552 John alitozwa faini kwa kuweka rundo la taka katika Henley Street, jambo linaloonyesha kwamba wakati huo alikuwa akiishi mtaani hapo. Mwaka 1556 alinunua nyumba katika mtaa huohuo, na mwaka 1575 akanunua majengo mengine mjini. Daftari la kanisa la Holy Trinity linaonyesha kwamba William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Kwa kuwa baba alikuwa mkazi wa Henley Street kabla na baada ya tarehe hiyo, watafiti wamekubali kwamba mtoto alizaliwa hapo. Chumba kinachoonyeshwa kwa wageni kuwa ndicho cha uzazi kinategemea mapokeo peke yake.

Mpangilio huu wa ushahidi una umuhimu kwa watunga sera. Dai linaloitegemeza makumbusho yote limetokana na karatasi ambazo hazikuandikwa kwa nia ya kumkumbuka mwandishi yeyote. Karani wa mahakama ya mji aliandika faini. Kasisi aliandika ubatizo. Mwandishi wa mikataba aliandika mauzo ya nyumba. Kumbukumbu za kawaida za utawala ndizo zilizokuja kuwa msingi wa urithi, na kama zingepotea, nyumba ingebaki jengo la zamani lisilo na mwenyewe.

Baada ya John kufariki mwaka 1601, nyumba ilirithiwa na William, ambaye wakati huo alikuwa na makazi makubwa zaidi mjini. Sehemu kubwa ya nyumba ilipangishwa ikawa nyumba ya wageni na vileo. Sehemu nyingine ilikaliwa na dada yake, Joan Hart. Katika wosia wake wa mwaka 1616, William alimruhusu Joan kuendelea kuishi humo maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Mjukuu wa William, Elizabeth, alipofariki mwaka 1670 bila mtoto, nyumba za Henley Street ziliachiwa ukoo wa Hart, na wao wakazishikilia hadi mwaka 1806 walipoziuza kwa mtu aliyeitwa Thomas Court. Katika kipindi hicho sehemu moja iliendelea kuwa nyumba ya wageni, na sehemu nyingine ikawa bucha.

Kwa miaka zaidi ya 200, basi, hakuna aliyeihifadhi nyumba hiyo kwa maana ya kitaalamu. Iliezekwa, ikakandikwa, ikazibwa nyufa na kubadilishwa mbele na nyuma kwa sababu watu walilala humo, waliuza nyama humo na kunywa humo. Matumizi hayo yaliondoa baadhi ya sura yake ya zamani, lakini pia yaliizuia isianguke. Ukaaji wa kawaida ulikuwa ndio uhifadhi wake wa kwanza.

3.0 Kutoka makazi hadi mnada

Heshima kwa mahali hapo ilianza kabla ya makumbusho. Mwaka 1769 mwigizaji David Garrick aliandaa sherehe kubwa ya kumwenzi Shakespeare mjini Stratford, na tangu hapo idadi ya wageni iliongezeka. Wapangaji wa nyumba wakaanza kuwatoza wageni fedha ili kuwaonyesha chumba cha uzazi pamoja na vitu vilivyodaiwa kuwa vya mwandishi. Mwandishi wa Marekani Washington Irving, aliyeitembelea nyumba mwaka 1815, alieleza kwa kejeli kuhusu kiti kilichodaiwa kuwa cha Shakespeare, ambacho kalio lake lilihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache kwa jinsi lilivyokaliwa na wageni.

Kisa cha mpangaji Mary Hornby kinaonyesha hatari ya kuacha urithi mikononi mwa mtu ambaye haki yake juu ya jengo ni ya muda. Bibi huyo aliwaonyesha wageni nyumba kwa miaka mingi na akaanzisha kitabu cha wageni mwaka 1812. Wageni walikuwa pia wakiandika majina yao kwenye kuta za chumba. Alipotakiwa kuondoka mwaka 1820 baada ya kutoelewana kuhusu kodi, alipaka chokaa juu ya maandishi hayo na kuondoka na vitu alivyokuwa akivionyesha. Vioo vya dirisha la chumba hicho havikuguswa na chokaa. Juu yake yamebaki majina yaliyochorwa, likiwemo la Walter Scott. Leo vioo hivyo vyenyewe ni sehemu ya maonyesho, kwa kuwa vinashuhudia historia ya wageni kuliko historia ya mwandishi.

Hatari iliyo kubwa zaidi ilikuja baada ya mjane wa Court kufariki mwaka 1846. Nyumba ilitangazwa kuuzwa kwa mnada. Zilienea habari kwamba P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, alitaka kuinunua, kuibomoa na kuisafirisha vipandevipande kuvuka bahari. Ziliundwa kamati mbili, moja Stratford na nyingine London, ambazo zilichangisha fedha kwa umma. Tarehe 16 Septemba 1847 kamati hizo ziliinunua nyumba kwa pauni 3,000. Mwaka uliofuata Charles Dickens na wenzake waliigiza tamthiliya katika miji mbalimbali ili kuchangia gharama za kumweka mtunzaji.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika mauzo hayo. Kwanza, fedha hazikutoka serikalini. Pili, umma haukuchanga mpaka nyumba ilipokaribia kupotea. Ukoo wa Hart ulikuwa umeiuza mwaka 1806 bila kelele yoyote kubwa. Hisia za umma zilichelewa kwa miaka 41, na nyumba ilisalimika kwa sababu mnunuzi wa kwanza aliendelea kuitumia. Sera inayosubiri hisia za namna hiyo inategemea bahati.

4.0 Ukarabati: kilichohifadhiwa na kilichorejeshwa

Nyumba iliyonunuliwa mwaka 1847 haikufanana na ile inayoonekana leo. Upande uliokuwa nyumba ya wageni ulikuwa umefunikwa kwa matofali. Madirisha ya juu ya paa yalikuwa yameondolewa. Pembeni yake, ukuta kwa ukuta, zilisimama nyumba nyingine. Kati ya mwaka 1857 na 1864 ulifanyika ukarabati mkubwa. Nyumba za jirani zilibomolewa ili moto usiweze kuvuka kutoka jengo moja hadi jingine. Uso wa mbele ulijengwa upya kwa kufuata mchoro uliochapishwa mwaka 1769, ambao ulionyesha mbao, madirisha ya paa na kibaraza kabla ya mabadiliko ya baadaye.

Hivyo basi, mgeni anayesimama mbele ya nyumba hiyo huona vitu vya nyakati tatu kwa pamoja: fremu ya mbao ya karne ya 16, kumbukumbu ya mchoraji wa karne ya 18, na kazi ya mafundi wa karne ya 19. Hata kule kusimama peke yake ndani ya bustani ni jambo la karne ya 19, kwa maana nyumba ya mtengenezaji wa glavu ilikuwa imebanwa katikati ya nyumba za majirani zake.

Je, huo ni udanganyifu? Jibu linategemea kama mgeni anaelezwa. Jengo lolote lililotumika kwa karne nne limebadilika, na anayelitunza hulazimika kuchagua wakati anaotaka lionekane. Uchaguzi huo ukiandikwa na kutangazwa, ukarabati huwa tafsiri inayoweza kujadiliwa. Ukifichwa, huwa dai lisilo na ushahidi. Bila mchoro wa 1769 mafundi wangelazimika kukisia. Karatasi moja iliyochorwa miaka 78 kabla ya nyumba kuwa mali ya umma ndiyo iliyoamua sura yake ya leo.

5.0 Nyumba mbili za kulinganisha

Stratford na viunga vyake vina nyumba nyingine mbili ambazo historia zake zinafafanua zaidi hoja hii.

Ya kwanza ni New Place, nyumba aliyoinunua Shakespeare mwaka 1597 na ambamo alifariki mwaka 1616. Jengo hilo lilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 18. Katikati ya karne hiyo liliangukia mikononi mwa kasisi Francis Gastrell, ambaye alichoshwa na wageni waliokuja kuuona mforsadi ulioaminika kuwa ulipandwa na Shakespeare. Aliukata mti huo, na mwaka 1759, katika mgogoro na mji kuhusu kodi, akaibomoa nyumba yote. Alikuwa mmiliki halali, na wakati huo hapakuwa na sheria ya kumzuia. Mji uliojaa wapenzi wa Shakespeare ulishuhudia makazi yake ya mwisho yakiondolewa na hakuna chombo kilichokuwa na mamlaka ya kuingilia kati.

Hata hivyo kiwanja hakikuachwa. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioanza mwaka 2010 ulifunua mengi kuhusu majengo yaliyowahi kusimama hapo, na mwaka 2016 eneo lilifunguliwa upya likiwa bustani inayoonyesha mahali nyumba ilipokuwa. Jengo halikujengwa upya. Wageni huelezwa kilichokuwapo, kilivyopotea na jinsi kinavyojulikana.

Ya pili ni nyumba iliyoitwa ya Mary Arden, mama yake Shakespeare, katika kijiji cha Wilmcote. Mwishoni mwa karne ya 18 John Jordan, mwongozaji wa wageni wa Stratford, aliitaja nyumba fulani ya shamba kuwa ndiyo ya ukoo wa Arden. Dai hilo lilirudiwa hadi likawa kweli machoni pa wengi. Mwaka 1930 nyumba hiyo ilinunuliwa na kuhifadhiwa kwa jina hilo. Mwaka 2000 uchunguzi wa hati ulionyesha kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya jirani aliyeitwa Adam Palmer. Nyumba halisi ya Arden ilikuwa jengo la shamba lililo karibu nayo, ambalo kwa bahati njema lilikuwa limenunuliwa mwaka 1968 kwa nia ya kulinda mandhari tu.

Watunzaji walibadilisha majina ya nyumba zote mbili na kuueleza umma sababu. Kisa hiki kinafundisha kwamba hata taasisi yenye wataalamu na hazina kubwa ya nyaraka inaweza kukosea kwa miaka 70 pale inapopokea simulizi bila kuihakiki. Kinafundisha pia kwamba kuhifadhi eneo pana kuzunguka jengo moja huacha nafasi ya kusahihisha kosa.

6.0 Sheria na mapato

Kamati zilizonunua nyumba mwaka 1847 zilikuwa vikundi vya watu binafsi. Watu hufa, na vikundi huvunjika. Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mahususi iliyowafanya wadhamini wa nyumba hiyo kuwa chombo chenye utu wa kisheria na endelevu, chenye wajibu wa kutunza nyumba pamoja na vitabu, hati na vitu vinavyomhusu Shakespeare. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 1961. Chini ya mfumo huo Amana ilinunua mwaka 1892 nyumba ya wazazi wa Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, na baadaye majengo mengine.

Sheria ya 1891 ilifanya mambo matatu kwa pamoja: ilitaja mali, ilitaja wadhamini, na ilitaja makusudi. Mdhamini hawezi kuuza nyumba kwa sababu ya shida zake, wala warithi wake hawana dai juu yake. Aidha, kuunganisha jengo na maktaba ya nyaraka kumeifanya nyumba kuwa kituo cha utafiti. Watalii wanapopungua, kazi ya kisomo hubaki.

Upande wa mapato una funzo la tahadhari. Amana ni shirika la hisani linalotegemea zaidi viingilio vya wageni, mauzo na michango. Mpango huo uliipa uhuru kwa muda mrefu, lakini nyumba zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, chanzo chake kikuu cha fedha kilikatika ghafla. Ikiwa taasisi yenye jina kubwa kiasi hicho iliyumba, nyumba ya mwandishi katika mji mdogo wa Afrika Mashariki haiwezi kuendeshwa kwa tegemeo la tiketi peke yake.

7.0 Makazi ya waandishi katika Afrika Mashariki

Afrika Mashariki haianzi bila kitu. Kijijini Butiama, alikozaliwa mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999 mfasiri wa Juliasi Kaizari, yapo Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999 na yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Ni kweli kwamba Butiama humkumbuka Nyerere kwanza kama kiongozi wa taifa. Lakini eneo hilo linathibitisha kwamba mahali pa kuzaliwa panaweza kuwa taasisi ya umma, na linatoa fursa ya kumweleza mgeni kuhusu mfasiri na mshairi pamoja na kiongozi.

Mjini Nairobi ipo nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmaki aliyeishi humo hadi mwaka 1931. Serikali ya Denmaki iliikabidhi kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kuonyeshwa duniani. Nyumba hiyo ilipata mambo ambayo nyumba ya Henley Street pia ilipata: jengo lililoendelea kutumika, mtu wa kulinunua kwa ajili ya umma, na chombo cha kitaifa cha kulitunza.

Mwandishi wa Kiswahili hapati mambo hayo kwa urahisi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na kufariki mwaka 1962. Kati ya tarehe hizo alifanya kazi ya ukarani serikalini katika vituo mbalimbali. Kazi zake husomwa katika shule na vyuo vya nchi zote zinazotumia lugha hii. Mtu wa aina yake anadai swali ambalo Stratford haikulazimika kujiuliza: kipi kihifadhiwe, ikiwa mwandishi alizaliwa katika nyumba ya kukandikwa, alihamishwahamishwa na ajira, na alijenga kwa nguvu zake mwenyewe? Kwa mwandishi kama huyo, kiwanja, kaburi, barua za kazi na miswada vinaweza kueleza maisha yake kuliko kuta.

Sheria zilizopo zinaongeza uzito wa swali hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye huhitaji kutangazwa na Waziri. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 nayo humpa Waziri mamlaka ya kutangaza mahali kuwa urithi. Waandishi wengi wa Kiswahili waliojulikana kwa vitabu vilivyochapishwa ni wa karne ya 20. Makazi yao, kwa hiyo, hayalindwi mpaka mtu alete ombi lenye ushahidi, na mmiliki wa sasa anayebomoa hatofautiani kisheria na Gastrell wa mwaka 1759. Mara nyingi mmiliki huyo ni familia yenyewe, ambayo ina haki kamili ya kujenga nyumba bora mahali pa ile ya babu. Sera ya haki haiwezi kuitaka familia iishi katika makumbusho bila fidia wala msaada.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mpangilio wa hatua nne unajitokeza. Hatua ya kwanza ni kuandika ushahidi kabla ya kugusa jengo: kurekodi maelezo ya wazee na jamaa, kupiga picha na kuchora ramani ya eneo, na kutafuta hati za shule, kazi, ardhi na misikiti au makanisa. Simulizi za wazee zihakikiwe kwa kulinganishwa, ili kosa la Wilmcote lisirudiwe. Hatua hii haina gharama kubwa, na idara za Kiswahili na historia katika vyuo vikuu zinaweza kuianza kwa wanafunzi wao. Ndiyo pia hatua isiyoweza kuahirishwa, kwa kuwa mashahidi wengi ni watu wenye umri mkubwa.

Hatua ya pili ni kukubaliana na familia na wenye ardhi juu ya haki na manufaa yao. Hatua ya tatu ni tangazo la kisheria linalotaja mali, mdhamini na makusudi, kama ilivyofanya sheria ya 1891. Hatua ya nne ni uchaguzi wa namna ya uhifadhi. Palipo na nyumba inayokaliwa, ukaaji unaweza kuendelea kwa makubaliano ya matengenezo. Palipo na kiwanja kitupu, mfano wa New Place unafaa zaidi kuliko kujenga nyumba mpya ya udongo na kuiita ya zamani. Pale itakapoamuliwa kujenga upya, maelezo yaonyeshe wazi ni sehemu ipi ya asili na ipi ya kurejeshwa. Mafundi wanaojua kukandika na kuezeka makuti wapo bado, na ujuzi wao unastahili kuwekwa katika bajeti ya matengenezo ya kila mwaka, kwa sababu nyumba ya aina hiyo huhifadhiwa kwa kurudiwa.

Kuhusu fedha, ni busara makazi ya waandishi yafungamanishwe na maktaba za mikoa, shule au vyuo, ili gharama za msingi zibebwe na taasisi iliyokwisha kuwa na bajeti. Mapato ya wageni yawe nyongeza.

8.0 Hitimisho

Nyumba ya Henley Street ni jengo la miti na udongo lililokaliwa na wapangaji, wauza vileo na wachinjaji, likaponea chupuchupu katika mnada, likarejeshwa kwa kutegemea mchoro mmoja, kisha likapewa mdhamini na sheria. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyotokana na ubora wa pekee wa kuta zake. Kisingizio cha udongo, kwa hiyo, hakitoshi kueleza kwa nini makazi ya waandishi wa Kiswahili hayajahifadhiwa.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya hati. Mtengenezaji wa glavu wa mwaka 1552 anajulikana alipoishi kwa sababu faini yake iliandikwa na karatasi ikatunzwa. Wapo leo katika vijiji na mitaa ya pwani na bara watu wanaoweza kuonyesha kwa kidole mahali nyumba ya mwandishi fulani iliposimama, mlango wake ulipoelekea na nani aliishi jirani. Maelezo yao yakiandikwa sasa, uamuzi kuhusu majengo unaweza kufanywa baadaye, kadiri uwezo utakavyoruhusu. Wakiondoka kabla ya kuulizwa, hakuna bajeti itakayoweza kununua ushahidi huo.